Kamba ya Jumatatu

Chumba cha jezi, uwanjani
Tarehe 4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Mwenyekiti amenikataza nisikuambie. Nimekaa na siri hiyo siku tatu, leo ya nne naona itanipasua, kwa hiyo kaa vizuri kwenye kiti chako na umwambie binti yako asisome mbio mbio. Kamati inatafuta kocha mpya.

Usimrushie mtu kikombe. Mimi mwenyewe niliposikia niliisahau pasi juu ya bukta ya kipa mpaka ikatoa moshi. Sasa ina alama ya pembetatu matakoni, na kipa anasema nimemvunjia heshima.

Tangu uanguke pale chumba cha kubadilishia nguo mwezi wa kumi, msaidizi wako amejitahidi, lakini yule ni mtu mwema mno. Anawabembeleza. "Jamani, naomba tukabe." Tumeombwa hivyo mpaka tumefika nafasi ya pili kutoka mkiani. Wapinzani sasa wanaimba jina la timu yetu, kwamba Povu limekwisha, kumebaki maji machafu. Na wakubwa wa kiwanda chetu cha sabuni wametuita wakasema wazi: tukishuka daraja, timu inavunjwa na uwanja unamwagiwa zege, uwe ghala la sabuni. Miaka kumi na tisa ya jasho lako, waje wapange maboksi juu yake! Nikiwa hai, hapana.

Wamepatikana watu watatu. Kila mmoja atapewa wiki moja ya mazoezi na mechi moja ya kirafiki, kisha kamati ichague. Wajumbe wapya waliuliza tutachaguaje, maana kila mmoja ana mtu wake. Mwenyekiti akawaeleza utaratibu wako: Jumatatu, kabla ya kuloweka, Bi Kamba anatundika jezi kwa mpangilio wa nambari, migongo nje, kisha anapita mbele yake mikono nyuma kama daktari wodini. Jezi ya tope ni mtu aliyepigana. Jezi safi ni mtalii. Wakacheka, lakini wakakubali. Kwa hiyo kaka, kazi imeniangukia mimi.

Wa kwanza anaitwa Mwalimu Vyeti, unamjua kwa sifa. Wa tatu ni Ngurumo, ambaye hata ulipo huenda unamsikia. Wa pili humjui, ni mtu wa mji wa jirani.

Mdogo wako,
Bi Kamba


Nyumbani kwa binti
Tarehe 11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwanangu anaandika, mimi nasema. Simu siitaki, maana ulimi bado mzito na watu wananiambia "eeh?" kila neno la tatu. Mwanangu peke yake haniambii "eeh?".

Kikombe nilirusha. Kilikuwa cha plastiki.

Mwambie mwenyekiti kwamba siri aliyompa mwanamke wa familia yetu ameitangaza redioni. Na umwambie Mei nitarudi. Natembea vizuri. Juzi nilifika getini na kurudi. Kwa hiyo wanachotafuta si kocha, ni mtu wa kunishikia nafasi miezi mitatu. Akija na mambo yake ya ajabu, mkumbushe hivyo.

Kamba isome kama nilivyokufundisha. Usitazame uso wa mtu, usisikilize maneno yake. Nguo haina unafiki.

Kaka yako,
Kocha

Shangazi, hapa chini ni mimi, baba amesinzia. Hajafika getini. Kutoka kitandani hadi dirishani tunamshika wawili. Mkono wa kulia haunyanyuki kabisa, na daktari ametuambia uwanjani asahau. Nami ndiye ninayeandika huo uongo wake wa Mei kwa mwandiko mzuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nitamwambiaje baba yangu? Usimwoneshe kama unajua.


Chumba cha jezi
Tarehe 2 Machi

Kaka yangu,

Nimefurahi kusikia kuhusu geti. Endelea hivyo hivyo.

Kazi imekwisha, na nimeifanya bila kumwonea mtu haya. Mwalimu Vyeti alikuja na mabegi mawili, moja la nguo na moja la karatasi. Wiki nzima alichora mishale ubaoni. Mechi akafungwa mawili bila. Jumatatu nikatundika: jasho la makwapani tu, kama watu waliongoja basi juani. Huyo nikamfuta.

Yule wa pili ni mkimya. Alishinda moja bila, hilo sikatai. Lakini kaka, kamba yake ilinitia aibu! Nambari mbili, tano na sita zilikuja safi kana kwamba zimetoka kwenye pasi yangu. Kifuani tu zilikuwa na vumbi la duara, nikaliona baadaye wakati wa kufua. Nadhani walibebea mipira. Mtu anachezaje dakika tisini bila kugusa chini? Ushindi ule ulikuwa wa bahati, na bahati haichezi mechi tisa.

Ngurumo alitoka sare mbili kwa mbili, lakini ungeziona jezi! Tope kutoka kola hadi pindo. Nambari nne ilirudi haina mkono mmoja. Nikasema moyoni, hawa ndio watu wa kaka.

Nikaingia kwenye kikao na kusema: Ngurumo. Wajumbe wote kumi na mmoja wakaitikia kwa kichwa. Yule wa pili alikuwa nje anangoja. Nilipomwambia, hakukasirika. Aliitazama kamba, akatabasamu kidogo, akasema, "Bado mnasoma migongo, Bi Kamba." Kisha akachukua begi lake akaondoka. Sikumwelewa, na kusema kweli sikutaka kumwelewa.

Zimebaki mechi tisa. Tutapambana kufa na kupona.

Mdogo wako,
Bi Kamba


Chumba cha jezi
Tarehe 23 Machi

Kaka,

Tatu bila. Nne kwa moja. Mbili bila, na kadi nyekundu mbili.

Sabuni ya mwezi imekwisha leo, tarehe ishirini na tatu, na sisi ndio tunaoitengeneza! Jezi hazijawahi kuwa chafu namna hii, wala hatujawahi kupigwa namna hii. Vijana wanateleza na kujitupa kila upande, wanainuka wamejaa matope, na mpira uko nyavuni. Ngurumo anawapongeza kwa moyo wao. Mashabiki wameanza kuondoka kabla ya mapumziko.

Ni mimi niliyesimama mbele ya kamati. Nikipita kiwandani wananisalimia kwa sauti ya msibani.

Ulinifundisha kusoma, kaka. Sasa niambie nimesoma nini.

Bi Kamba


Nyumbani kwa binti
Tarehe 29 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimesomewa mara tatu. Nikujibu, na usinikatize, ingawa najua ungekuwepo ungenikatiza.

Dirisha langu linatazama uwanja wa shule. Miezi mitano sina kazi nyingine ila kuwatazama watoto wa watu wakicheza. Kuna binti mmoja mrefu, anacheza nyuma. Wenzake wanarudi darasani wamepakaa udongo hadi masikioni, yeye soksi zake nyeupe. Mwezi mzima nilimdharau. Nilimwambia mwanangu, yule ni mtalii. Kisha, kwa kukosa la kufanya, nikaanza kuhesabu nani anachukua mipira mingi. Ni yeye. Kila siku ni yeye. Hajitupi kwa sababu anakuwa ameshafika. Anayejitupa ni aliyechelewa.

Nilipoliona hilo sikulala usingizi mzuri. Maana kama ndivyo, nimekufundisha kuisoma kamba kinyume miaka kumi na tisa.

Sasa nikuulize. Huyo "mtu wa mji wa jirani" nisiyemjua. Ushindi wa moja bila, nambari sita safi, tano safi. Na mgeni hawezi kusema "bado mnasoma", maana hajui mlianza lini. Namjua mtu mmoja tu wa namna hiyo. Ni Mbishi.

Ulinificha jina kwa sababu unanijua. Ulifanya vyema. Februari ningeichana barua. Miaka kumi na mmoja iliyopita, Jumatatu baada ya fainali tuliyofungwa moja bila, jezi yake ilikuwa safi kuliko zote. Niliichomoa kwenye kamba mbele ya wenzake nikamtupia usoni. "Nenda nayo. Hii haihitaji kufuliwa." Wakacheka wote. Wewe ulikuwa umeshika ndoo, hukucheka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na nilimfukuza mchana ule ule.

Hilo la migongo sijalielewa. Akikubali kuja, muulize.

Mrudishe. Piga magoti ikibidi, kwa niaba ya wote wawili, maana magoti yangu hayakunjiki.

Kaka yako

Shangazi, alipomaliza kusema aliniomba kalamu. Anajaribu kwa mkono wa kushoto. Imemwanguka mara nne na kila mara ameniambia niiokote. Hajanifokea hata mara moja, ndiyo maana naogopa.


Chumba cha jezi
Tarehe 5 Aprili

Mbishi, mdogo wangu,

Najua barua hii unaweza kuifungia maandazi. Kabla hujafanya hivyo, isome.

Nilikosea. Sikukosea kidogo. Nilisimama mbele ya wanaume kumi na mmoja nikakuondoa kwa sababu wachezaji wako walikuwa wasafi, mimi ambaye kazi yangu ni usafi. Tumepoteza mechi nne mfululizo tangu siku ile.

Jana niliingia kwenye kikao na jezi za Jumamosi, sijaziloweka. Nilifunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye kabati la vikombe na kuzitundika humo humo ndani. Tope likawa linadondokea kitabu cha mwenyekiti. Nikawaambia, "Huu ndio uchafu niliousifia. Nilisoma vibaya. Mtu aliyekuwa sahihi tulimfukuza, na mnanidai niseme hivyo kwa sauti ile ile niliyotumia siku ile."

Mwenyekiti akasema kocha si soksi, habadilishwi kila mechi. Nikamjibu kwamba soksi ikitoboka kidole kinatoka nje, ubishe usibishe, na chetu kimeshatoka. Tukabishana mpaka chai ikaletwa mara mbili. Mwisho wakapiga kura, saba kwa nne. Ngurumo amekubali kuondoka. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka kujisikiliza.

Mechi zimebaki tano. Tukishuka, hakuna timu wala uwanja. Kaka yangu, yaani Kocha, amesema mwenyewe kwamba ulikuwa sahihi. Tafadhali njoo.

Dada yako,
Bi Kamba


Ofisi ya wapima ardhi
Tarehe 8 Aprili

Bi Kamba,

Shikamoo. Barua nimeisoma. Maandazi nimeyafungia gazeti.

Wewe sina kinyongo nawe. Siku ile hukucheka, nilikuona. Lakini nisikudanganye, sijui kama naweza. Mmenifukuza mara mbili kwa kosa moja, na kosa lenyewe ni kusimama mahali pake. Mara ya kwanza nililia kwenye basi mbele za watu. Sasa nina mke, watoto wawili na kazi ya kupima viwanja, na kila siku nawaonesha watu kwamba jambo la kwanza ni kujua pa kusimama. Hapa hakuna anayenicheka.

Nasikia pia mzee anarudi Mei. Mimi simshikii mtu nafasi.

Unasema amesema nilikuwa sahihi. Amekwambia wewe. Mimi hajaniambia. Kama ni kweli, aniandikie yeye, kwa mkono wake, si kupitia kwa dada wala binti. Mwandiko wake naujua vizuri. Ndio ulioandika jina langu kwenye orodha na ndio uliolikata. Nikiupata kabla ya Jumamosi, nitakuja.

Mbishi


Tarehe 10 Aprili

Mbishi.

Mkono wa kulia umekufa. Huu ni wa kushoto. Usicheke.

Nilikosea. Ulisimama mahali pake. Mimi sikuona.

Watu wanasema narudi Mei. Mimi ndiye niliyewaambia. Sirudi.

Hunishikii nafasi. Ni yako.

Nimeanza kuandika asubuhi. Sasa ni jioni.

Kocha wako wa zamani


Chumba cha jezi
Tarehe 4 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Matokeo utakuwa umeyasikia redioni, lakini redio haisemi kitu.

Barua yako kwa Mbishi sikuifungua. Alikuja nayo Ijumaa ile akiwa na begi, akanisomea mwenyewe, akafika kwenye "sirudi" akanipa nimalizie mimi. Mimi nilijua tangu Februari. Usimgombeze binti yako, mzigo ule ulikuwa mkubwa kwake. Nakwambia leo kwa sababu sitaki tena kukupongeza kwa geti ambalo hujafika.

Mechi ya kwanza tulitoka sare. Ya pili tukashinda. Ya tatu tukafungwa, na mwenyekiti akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, lakini nikamtazama na mimi, akarudisha jicho lake. Ya nne tukashinda. Ya mwisho tulihitaji sare tu, na kaka, sijawahi kuona dakika tisini ndefu kama zile. Wale walitushambulia kipindi cha pili chote. Lakini kila walikopeleka mpira, palikuwa na mtu wetu amesimama, kama mwenye nyumba mlangoni. Hakuna aliyejitupa. Msaidizi wako alikuwa anaomba dua kwa sauti. Bila kwa bila. Tumebaki kwenye ligi kwa pointi moja! Nilimkumbatia kipa nikamwambia nitamnunulia bukta mpya.

Wakubwa wa kiwanda walikuja Jumapili kupiga picha na timu. Zege hawakulitaja.

Sasa la jana, Jumatatu. Nilikuwa natundika, migongo nje kama siku zote. Mbishi akaja na mfuko wa plastiki. Akatoa jezi ya zamani, ile ya kola, nambari sita. Nikaijua. Ni ile uliyomtupia. Hajaivaa tena wala hajaifua, imekaa sandukuni miaka kumi na mmoja, hata mistari ya kukunjwa imeshika rangi ya njano. Akaitundika mwisho wa kamba. Lakini yeye aliitundika kifua nje.

Kaka, ina duara mbili kifuani. Moja chini ya bega la kushoto, nyingine karibu na tumbo. Ni vumbi la mpira, limekauka na kushika kitambaa, hata ile mishono ya mpira inaonekana. Ile fainali tulifungwa bao moja. Yalikuwa yawe matatu. Mawili aliyazuia kwa mwili wake, amesimama.

Nilimwuliza hilo la migongo kama ulivyoniagiza, ingawa nilikuwa nimeshaelewa. Akasema, "Mlitaka kusoma nambari, Bi Kamba, kwa hiyo mkatundika migongo. Mpira unampiga mtu kifuani." Tumezitundika hivyo miaka yote, mimi na wewe, tukapita mbele yake mikono nyuma kwa fahari. Na zile za wiki yake ya majaribio nilizifua kwa mikono yangu, nikaliona vumbi, nikalisugua likatoka. Nililia pale pale, sikujali wachezaji walionitazama.

Mbishi akanisogezea ndoo. Kisha akaniambia, "Basi sasa ifue. Uitundike na wenzake." Akaenda mazoezini.

Ndoo ipo tayari, maji yameshachotwa na sabuni imeshayeyuka. Tangu jana naizunguka tu. Mwenye jezi amesema nifue. Lakini aliyesema haihitaji kufuliwa ni wewe, kwa hiyo nimeona nikuulize wewe kwanza.

Mdogo wako,
Bi Kamba


Tarehe 9 Juni

Mdogo wangu.

Kwa mkono wangu.

Usiifue.

Kaka yako